Tumbo la Jiwe

Tangu kulipokucha Asumani alikuwa hatulii. Akiketi kwenye kiti cha wateja, anainuka. Akiinuka, anakwenda mlangoni. Akifika mlangoni, anachungulia barabara ya Beni, kisha anarudi kufuta kioo ambacho alishakifuta. Mkewe Hadidja alikuwa uani akichambua maharagwe. Alimvumilia mpaka akachoka.

"Asumani, kaa basi. Unatembea-tembea sawa kuku yenye inatafuta fasi ya kutaga."

"Niko nangojea mutu."

"Najua. Mais lakini ile mutu hatafika mbio kwa sababu ya miguu yako."

Mtu mwenyewe alikuwa Kamate, kinyozi wa Kalunguta, na shida ya Asumani ni kwamba alimtaka afike na papo hapo alikuwa akimwomba Mungu amzuie njiani. Lori liharibike. Mvua inyeshe, ingawa kilikuwa kiangazi. Mtoto wake augue kidogo tu, homa ndogo isiyodhuru. Mtu akifikia kumwombea homa mtoto wa rafiki yake, ujue moyo wake umetoka mahali pake.

Kwenye chumba cha nyuma cha duka lile la Butembo, juu ya meza, yalikuwapo mawe mawili ya kunolea yamefunikwa kitambaa chenye unyevu. Moja lilikuwa lake. La pili lilikuwa la mdogo wake, Kadogo, kinyozi wa Beni. Na jiwe la Kadogo lilikuwa na jambo ambalo mji mzima ungeweza kulitazama mchana kutwa usilielewe, ila Kamate angelielewa mara moja, na akilielewa Kadogo amekwisha.

Lakini ili ulielewe hilo lazima umjue kwanza Mzee Ramazani, baba yao, Mungu amrehemu, maana ndiye aliyeleta mawe yale na udhia wake. Hayakuwa mawe ya mtoni. Yalikuwa mawe ya kiwandani, ya unga mgumu uliogandamizwa na kuchomwa, rangi ya chai ya maziwa, laini kwa kidole lakini yanakula chuma. Aliyanunua Kampala kwa Mhindi, matatu yaliyo sawa kabisa, enzi za Wabelgiji, alipokuwa akisafiri na malori ya kahawa. Alikuwa na wanafunzi watatu: wanawe wawili, na kijana Mkatoliki wa Kinande aliyekuja kufagia nywele akanogewa akabaki, ndiye Kamate. Kila mmoja akapewa jiwe lake.

Jiwe la namna hiyo si la kutupa pembeni ukalisahau. Unalilaza majini mpaka liache kutoa mapovu, ndipo likubali wembe. Ukimaliza unaliosha, unalifuta, unalikausha kivulini. Ukilianika juani linapasuka, na hakuna gundi ya kuliponya. Na zaidi ya yote, linaliwa. Wembe hupita katikati kuliko pembeni, siku nenda siku rudi, na katikati panazama kidogo kidogo bila jicho kuona. Wembe ulionolewa juu ya jiwe lililozama hauna adabu, unang'ata shavu la mteja, na mteja aliyeng'atwa harudi. Basi jiwe lazima lisawazishwe, na hapo ndipo Mzee Ramazani alipowafunga vijana wake kwa kamba moja.

Sakafu ya simenti, alisema, ina mawimbi yake. Inafaa kwa kuondoa ubaya wa kwanza tu. Jiwe linanyooshwa kwa jiwe. Tena si kwa mawili. Ukiyasugua mawili peke yake, moja linaota tumbo na lingine linapata shimo, na yanavyolaliana utaapa yamenyooka. Mistari ya penseli uliyochora juu yake inafutika yote, huku na huku, nawe unafurahi bure. Sharti liwepo la tatu. La kwanza kwa la pili, la pili kwa la tatu, la tatu kwa la kwanza, mzunguko juu ya mzunguko, na lenye tumbo linakosa shimo la kujificha, mpaka yote yanakuwa sawa. Mama yao alicheka sana aliposikia habari hiyo. Alisema hata chungu chake hakijawahi kukaa juu ya mafiga mawili, na hakwenda Kampala kujifunza.

Kwa hiyo kila kiangazi, barabara ikikauka, Kadogo alipanda kutoka Beni, Kamate akatoka Kalunguta, wakakutana kwa Asumani. Walizunguka beseni, wakachora penseli, wakasugua, kila mmoja akampitishia wa kulia kwake, wakawasengenya wateja wao mpaka mbavu zikauma. Mzee alipokufa hawakuacha. Asumani aliipenda siku ile kuliko sikukuu, na hakuona haya kusema hivyo.

"Sikilizeni jiwe," Mzee alikuwa akiwahimiza. "Jicho itakudanganya, mukono itachoka. Sikio njo inajua." Na kweli, jiwe linalonoa vizuri lina mluzi wake mwembamba, wa maji na chuma, na kinyozi akishaunasa, dunia nyingine yote humtoka kichwani.

Kisha uhuru ukaja na ngoma na bia, na hata haujazoeleka vizuri, waasi wakaingia. Waliingia Beni, wakaingia Butembo, wakamtafuta kila mwenye kalamu mfukoni. Melchior, kaka mkubwa wa Kamate, alikuwa mwalimu. Walimkuta barabarani karibu na Kalunguta na shati lake jeupe la shule, wakamuua kwa panga. Baadaye jeshi likarudi pamoja na wazungu wa kukodiwa, waasi wakakimbilia msituni, na hapo ikaanza kazi nyingine, kazi ya kunyosheana vidole. Fulani aliwapikia. Fulani aliwaonyesha njia. Aliyetajwa kwa askari hakuulizwa mara mbili, na wengi waliotajwa hawakurudi nyumbani.

Hiki sasa kilikuwa kiangazi cha kwanza cha watatu hao kukutana tangu mambo hayo.

Kadogo alikuwa ametangulia. Alifika jana yake, juu ya lori la mapipa ya mawese. Alikuwa pande la mtu, anainama kila mlango; jina la Kadogo lilimbaki tu tangu utoto, na kwa kawaida lilichekesha hata wageni. Jana halikumchekesha mtu. Alishuka kama mgonjwa, akapita moja kwa moja chumba cha nyuma, akaweka furushi mezani, akamwita Asumani kama kaka mkubwa anavyoitwa kwao, "Yaya, angalia mwenyewe."

Asumani alifungua. Jiwe lilikuwa na mfereji. Si kule kuzama kwa katikati kunakoletwa na wembe, hapana. Mfereji hasa, umekaa mshazari upande mmoja, mpana kama dole gumba, na ukingo umemeguka. Hakuhitaji kuambiwa. Wembe hauchimbi vile, wala kisu cha jikoni. Jiwe lile lilikuwa limenoa mapanga, tena mengi.

"Ni bale batu?"

Kadogo akainamisha kichwa.

"Balikulazimisha?"

Kadogo akatazama ukuta, na tangu hapo akafunga mdomo. Hata chakula cha Hadidja alikila kwa heshima tu.

Nalo jiwe lenyewe lisingengoja. Tangu waasi waondoke, Kadogo hakuwa amefungua duka lake, kwa maana kwa jiwe lile angechuna watu, na Beni walishaanza kuulizana kwa nini kinyozi wa sokoni anajifungia ndani ilhali mji mzima umeota ndevu. Swali la namna hiyo likizunguka sokoni, mwisho wake linafika kambini. Kwa hiyo jiwe lilipaswa kunyooka, na upesi. Kulinyoosha kulihitaji jiwe la tatu. Na jiwe la tatu alikuwa nalo mtu ambaye kaka yake alikatwa kwa panga.

Asumani alihangaika kidogo, kisha akafanya kile ambacho mikono yenye wasiwasi hufanya. Mchana ule ule alitoka nyuma ya nyumba, kwenye simenti ya kufulia, akamwaga mchanga laini na maji, akalisugua jiwe la mdogo wake mpaka ukingo ukarudi. Halafu akachukua jiwe lake mwenyewe akalisugulia juu ya lile. Uji wa jiwe ukamtiririka hadi viwikoni. Alichora penseli, akasugua, ikafutika, akachora tena. Nia yake haikuwa kubwa. Mfereji uondoke tu, libaki shimo la kawaida, kama lile linaloachwa na kinyozi mvivu. Kamate akiliona atamcheka Kadogo, watasugua wote watatu kama zamani, basi, yamekwisha. Jua lilipoanza kuinama mfereji haukuonekana tena. Aliweka rula juu ya jiwe la Kadogo, akalielekeza kwenye mwanga: shimo dogo la katikati, lisilo na neno. Alishukuru kwa sauti. Jiwe lake mwenyewe hakulipima. Alipimie nini, na halikuwa na kosa?

Na sasa ilikuwa leo, naye alikuwa akizurura kama kuku wa Hadidja.

Lori la kahawa lilimshusha Kamate kabla ya adhuhuri. Asumani alimwona kwa mbali na moyo ukamruka, kwanza kwa furaha, maana alimpenda mtu yule, kisha kwa hofu. Kamate alikuwa amefuga ndevu. Kinyozi mwenye ndevu ni kichekesho popote pale, lakini za Kamate zilikuwa za msiba. Hakuwa amenyoa tangu amzike Melchior. Bega moja lilikuwa na mfuko wa jiwe lake, mkono mmoja kikapu cha matunda.

"Shemeji Hadidja, muke yangu Godelive anakusalimia. Amekutumia marakuja."

"Aksanti, shemeji. Karibu. Na pole tena ya yaya Melchior."

"Aksanti sana."

Akamkumbatia Asumani. Akamkumbatia Kadogo pia, kwa muda mrefu kidogo, au ndivyo Asumani alivyoona. Siku ile kila kitu alikiona kirefu. Wakaingia chumba cha nyuma, wakayalaza mawe yote majini. Mapovu yakapanda. Kwa desturi hapo ndipo masengenyo yalipoanza, nani kaota upara, nani kaoa tena. Leo walikaa wakitazama mapovu, watu wazima watatu, mpaka la mwisho likapasuka.

Kamate ndiye aliyekuwa akipima siku zote. Rula ya chuma ya Mzee ilikaa vizuri mkononi mwake. Alilitoa kwanza lake mwenyewe: limezama kidogo tu, hakuwa amenyoa watu wengi. Akaweka rula juu ya la Kadogo, akalielekeza dirishani.

"Eh! Kadogo, ulikuwa unanyoa batu ama mbuzi?"

Asumani alicheka kwa nguvu kupita kiasi. Kadogo hakucheka. Kamate akalichukua la Asumani, akaweka rula, na rula ikacheza. Akaibonyeza upande huu, ikainuka upande ule. Akaibonyeza upande ule, ikainuka huku. Aliirudia taratibu, kama mtu anayepapasa kidonda asichokiamini.

Hapo Asumani akaona kosa lake. Wembe hauotesi jiwe tumbo. Nyoa watu maisha yako yote, utachimba tu, hutajaza. Tumbo la jiwe linatoka mahali pamoja, kwenye jiwe jingine, mawili yaliyosuguliwa peke yake. Lilikuwa somo la kwanza kabisa waliloketi kufundishwa, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao! Jana macho yake yote yalikuwa kwenye jiwe la mdogo wake, na lake likajaza kimya kimya chini ya mikono yake.

Kamate alilichukua jiwe la Asumani akalilaza juu ya la Kadogo. Yakakaa. Hata unywele usingepita.

"Mulisugua mbili," alisema. "Bila mi."

"Nilitaka kusogeza kazi mbele tu. Nilisema labda lori yako itachelewa, donc..."

"Miaka yote hapana mutu alisogezaka kazi mbele. Asumani, ulikuwa unaficha nini?"

Nje gari la askari lilipita, wanaimba Kilingala, vumbi likaingia hadi chumbani. Kamate aliendelea kutazama beseni, na aliposema tena alisema polepole.

"Mi njo niliosha Melchior. Nilikataza bengine. Kidonda ilikuwa moja. Moja tu, hapa." Akagusa shingo. "Mupanga ya shamba inapasua, inavuta nyama, munajua. Ile haikuvuta. Ilipita sawa wembe. Nikabaki pale na maji mu mukono, nikasema, hii makali naijua. Toka Beni mpaka Lubero, nani anaweza kupatia mupanga makali ya namna ile? Batu batatu. Na haikuwa mi."

Kamate akafuta mkono kwenye suruali.

"Sikuambia mutu. Hata Godelive. Nilisema nitangojea kiangazi, tutakutana, jiwe itasema yenyewe." Akaweka kiganja juu ya jiwe la Asumani, juu ya lile tumbo. "Kumbe njo wewe, basi; mutu wa bila kosa hasugue jiwe yake kwa kujificha. Na mi siku zote nilikuwa nafikiria ni Kadogo. Kadogo, nakuomba musamaha."

Asumani alikuwa karibu kukana. Njia ilikuwa imefunguka mbele yake bila kuitafuta: anyamaze tu. Yeye duka lake lilikuwa wazi siku zote, Butembo hakuna aliyemwona na waasi. Hata akitajwa huenda angepona. Kadogo asingepona. Mzee akiwa kitandani pake pa mwisho alimwambia neno moja kuhusu Kadogo: umuangalie. Basi Asumani akainamisha kichwa akakubali kwa kimya, na kimya kile kilimuuma kuliko alivyodhani, kwa sababu Kamate alikuwa akimwangalia kama mtu anayefiwa mara ya pili.

"Ni mi," Kadogo alisema.

"Kadogo, nyamaza!"

"Yaya, acha. Hawezi kuniomba musamaha, mi. Siwezi kuibeba ile." Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika. "Kamate, ni jiwe yangu. Ilikuwa na mufereji, yaya njo aliitoa jana. Bale batu balikuja ku duka asubuhi, balitupa mipanga chini, mingi. Mukubwa yabo akasema noa. Nikanoa."

Kamate aliondoa mkono juu ya jiwe la Asumani.

"Ungeweza kunoa mubaya," alisema. "Unajua namna. Unainua mugongo kidogo, makali inajikunja. Mutu anaona inangaa, mais haikate kitu. Muzee alituonyeshaka ile, akasema tusiifanye."

"Niliifanya. Ya kwanza nilinoa mubaya. Ya pili pia. Hapana mutu alipima. Balikuwa banakunywa inje, hawakunitazama hata." Kadogo alijifuta uso kwa mkono uliolowa maji ya beseni, akajilowesha mashavu yote. "Kisha jiwe ikaanza kuimba. Nikasikia ule muluzi. Na nikasahau, Kamate. Nikasahau ni mipanga ya nani, ni ya kazi gani. Nilikuwa nasikiliza tu. Wakati nilishituka, yote ilikwisha, nimeipanga ku ukuta, na ilikuwa kazi muzuri. Nilikuwa na furaha. Muda kidogo tu, mais nilikuwa na furaha."

Asumani alimtazama Kadogo. Alikuwa amedhani mdogo wake amebeba woga. Woga angeusamehe hata kabla ya kuombwa, nani hakuogopa? Hii nyingine hakujua aiweke wapi. Hadidja alikuwa amefika mlangoni na sahani ya chakula. Aliwatazama nyuso zao, akarudi nayo jikoni.

Kamate alipitisha vidole ndani ya ndevu. Mwishowe akalichukua jiwe lake. Alilifuta pande zote na pembe zote, kama walivyofundishwa, akasimama. Asumani naye akasimama, maana kambi ya askari haikuwa mbali na alikuwa tayari hata kumshika miguu amzuie. Lakini Kamate hakulirudisha jiwe mfukoni. Aliliweka mezani, kando ya yale mawili.

"Tatu ziko hapa," alisema. "Sugueni. Kadogo, rudia ku Beni, fungua duka, nyoa batu. Mi sitataja jina ya mutu ku basoda ba kambi. Balikwisha kufa ya kutosha."

"Na wewe?" Kadogo aliuliza.

"Mi nitalima."

Akatoka, mfuko mtupu begani. Asumani alimkimbilia mpaka barabarani, jiwe la Kamate mkononi, bado limelowa, watu wanageuka kumtazama.

"Kamate! Jiwe yako! Ni Muzee alikupatia! Kama ni kasirani, kasirika basi, nitukane, nipige hapa mbele ya batu. Mais hapana kuacha kazi!"

Kamate akasimama.

"Na wewe siko na kasirani. Ulifichia mudogo yako, hata mi ningefanya vile. Na Kadogo, sijue bado." Aliinua mikono yake miwili akaitazama, mbele na nyuma. "Nilikuwa nangojea aseme balimupiga. Aseme balimuwekea bunduki ku kichwa. Ningerudia ku nyumba, ningelala. Mais alisema muluzi. Na mi ule muluzi naujua, Asumani. Kama bangepita kwangu, hapana kwake, mi pia ningesikiliza. Na mi njo nilikuwaka wa kwanza kati yetu. Ningenoa muzuri kumushinda."

Akaificha mikono kwapani kama mtu anayesikia baridi. Lori la viazi lililokuwa likienda Beni likapunguza mwendo, akalipungia kwa kidevu, akapanda juu ya magunia. Hakugeuka. Asumani alibaki barabarani hadi jiwe likakauka mkononi, na jua lile, na Mzee aliwakanya. Alipokumbuka alikimbia nalo kivulini.

Walisugua wawili, yeye na Kadogo, mpaka jioni. Mawe matatu, watu wawili. Kila jiwe lilipopaswa kupita kulia lilifika mahali pasipo mtu, na mmoja wao alilazimika kujinyoosha kulipokea. Mluzi ulipoanza, Kadogo alianza kulia, na hakuacha kusugua. Tumbo liliisha. Shimo liliisha. Asumani alipoweka rula, mwanga haukupita popote, juu ya yote matatu, na kazi ya haki kama ile hawakuwahi kuifanya hata Mzee alipokuwa hai.

Kadogo alifungua duka lake Beni. Watu waliketi, wakanyolewa, wakasifu wembe, na lile swali la sokoni likafa lenyewe. Kila kiangazi anapanda Butembo, wanasugua mawe matatu, na anashuka.

Asumani naye hupita Kalunguta kila apatapo lori. Kamate humpokea vizuri, kwa mikono miwili, na Godelive huleta viazi na maharagwe na hawamwachi aondoke bila mzigo wa mkewe. Wanaongea mambo ya mvua na bei ya kahawa. Lakini msiba uliisha siku nyingi, na Kamate tangu hapo hunyolewa na Godelive kwa mkasi wa kushonea, na Godelive, Mungu amsamehe, si kinyozi. Hapa msitu, pale kipara, juu ya sikio ngazi ngazi kama shamba lililolimwa na walevi. Watoto wa kijiji wanamcheka na yeye anacheka nao.

Siku moja Asumani alishindwa. Alikuwa ameketi mbele ya kichwa kile tangu asubuhi, na wembe ulikuwamo mfukoni mwake, umenolewa juu ya jiwe la Kamate mwenyewe. Mkono ulikwenda wenyewe ukaanza kufungua mfuko. Kamate aliuona. Alitikisa kichwa, polepole, bila hasira, na kumwongezea chai.

Basi Asumani akaichukua mikono yake yote miwili, akaiweka chini ya mapaja, akaikalia, na wakaendelea na habari za maharagwe.